Kuku Wasio na Firigisi

Umma wote unatangaziwa, wafugaji, walaji na wapita njia, kwamba kuku wa nchi hii hawana firigisi. Hawajawahi kuwa nayo. Anayedhani aliwahi kuiona aliona kitu kingine, na anayedhani aliwahi kuila afike kituo cha afya kilicho karibu naye akiwa na nguo za kubadilisha.

Hayo ndiyo matokeo makuu ya Taasisi ya Utafiti wa Matumbo ya Ndege, na mimi nilikuwapo yalipopatikana. Wadhifa wangu ulikuwa Mratibu wa Mwendo wa Sampuli. Wenye kijicho huuita utarishi. Nimezunguka sana, nimelinda maghala ya watu, nimenyoa vichwa kando ya barabara, nimepikia kambi za wachimba mitaro, na popote nilipopita sikuona ofisi yenye utaratibu kama ile.

Kazi ilianza na msiba. Kuku wa pembezoni mwa mji walikuwa wanakufa. Jioni unamwacha anadonoa, asubuhi unamkuta shingo imepinda, mabawa yamelegea, kinyesi cha kijani kimetapakaa bandani. Wizara ikataka kujua kuna nini humo matumboni. Taasisi ikajibu kwamba swali ni zito na linahitaji gari. Gari likaja. Likahitaji zulia la ofisi ya Mkurugenzi. Zulia likaja. Ndipo kuku wakaanza kuja, wengine wagonjwa, wengine wazima wa kulinganishia, nao wakalazwa juu ya meza ya mabati huko chini maabarani.

Mwenye meza alikuwa Dakta, mwanamke mkavu wa maneno, aliyesomea matumbo ya ndege hadi akachoka na kusoma, akaanza kuyapenda. Akimpasua kuku alianzia mdomoni akaishia tundu la nyuma, hakuruka kitu. Koo. Ule mfuko wa shingoni ambamo punje husubiri zamu. Tumbo la tindikali. Firigisi. Utumbo. Na huko mwisho, vile vifuko viwili visivyo na njia ya kutokea, wanamoishi vijidudu kwa mamilioni, kwa amani kuliko wapangaji wa nyumba niliyowahi kupanga. Kila kiungo alikata kipande, akakitazama kwenye hadubini, akaguna.

Siku ya kwanza Mkurugenzi aliteremka kukagua, amevaa tai, ameshika leso puani. Dakta alikuwa amefika kwenye firigisi ya jogoo mzima, nono, inang'aa. Mkurugenzi akaielekezea kalamu.

"Hiyo ipande."

Dakta akauliza ipande wapi.

"Juu. Mkubwa yupo, firigisi inabaki chini inafanya nini?"

Nyumba yoyote yenye baba mmoja na sufuria moja ingeielewa hoja hiyo. Hatukushangaa. Tulichofanya ni kuipa hoja utaratibu, maana jambo lisilo na utaratibu ni uhuni. Kuanzia hapo kila kuku alipopasuliwa, firigisi ilitangulia kutolewa, ikaoshwa, ikapitia jikoni kwa mama wa chai, ikatiwa chumvi na pilipili, nami nikaipandisha ngazi kwenye sahani yenye kifuniko. Mwanzoni zilipanda za kuku wazima tu. Baadaye Mkurugenzi akauliza kwa uchungu kwa nini za wagonjwa zinatengwa, akasema ubaguzi wa namna hiyo unaweza kupotosha utafiti. Zikapanda nazo. Mama wa chai aliongeza moto.

Dakta alilalamika. Alisema anahitaji kujua kama ugonjwa umefika kwenye firigisi au la, na hawezi kujua bila firigisi. Akaambiwa aandike anachokiona. Akasema basi ataandika "imepandishwa." Mkurugenzi akamweleza kwa upole, kama unavyomweleza mkwe asiyejua kula, kwamba kupanda na kushuka ni masuala ya utawala, sayansi haihusiki. Sayansi ni jicho. Jicho limeona nini mahali pa firigisi? Dakta akasema halijaona kitu. Ikaandikwa hivyo, kuku baada ya kuku: haikuonekana.

Taarifa ilipotakiwa, mahesabu akapewa Bwana Takwimu, kijana aliyekuwa hacheki kwa sababu kucheka huongeza makosa. Akajumlisha. Akarudia. Akatoka nje kwenye baraza akanywa maji, akarudi akajumlisha tena. Alituambia kwamba katika maisha yake yote hajapata kuona matokeo yasiyo na hata mmoja wa kuyapinga. Kuku wote, wakubwa kwa wadogo, wagonjwa kwa wazima, hawakuwa na firigisi.

Mkurugenzi alisimama dirishani muda mrefu. Akasema, "Nilikuwa nahisi."

Niseme ukweli kwamba Dakta naye alikuwa na matokeo yake. Yalisema kuku walikufa kwa kideri, ugonjwa unaojulikana na kila mfugaji, na kinga yake ni chanjo ya tone moja kwenye jicho. Haya yaliwekwa mwishoni kabisa mwa taarifa, baada ya picha za uzinduzi wa zulia. Mkurugenzi alisema kitu kinachojulikana tayari si utafiti, ni umbea.

Basi ukatoka waraka, ukawekwa sahihi na Waziri mwenyewe. Wafugaji walikatazwa kuwaachia kuku wadonoe changarawe, kwa kuwa changarawe husagia chakula ndani ya firigisi, firigisi haipo, na kwa hiyo kuku anayemeza changarawe anahujumu barabara. Ukasema pia kwamba kuku atakayekutwa na pande la nyama gumu mahali ambapo sayansi imethibitisha hapana kitu, huyo ana Uvimbe wa Tumbo la Kati, na banda lake zima limeambukizwa. Kipimo cha uvimbe huo ni kimoja tu: kumpasua. Kuku atakayepasuliwa akakutwa salama, mwenyewe atapewa cheti cha afya ya kuku huyo, pamoja na kuku.

Kwenye kikao cha kupitisha waraka, kabla haujapelekwa kwa Waziri, Dakta alinyoosha mkono. Uso wake ulikuwa mkavu kama kawaida. Aliuliza, je, na watu waliokula uvimbe huo?

Mkurugenzi aliudhika kuonekana amesahau kitu. Palepale akaongeza kwamba mlaji naye apimwe kwa kipimo kilekile, bila kujali cheo. Neno la cheo alilitia mwenyewe, maana hakutaka lawama za upendeleo. Hakuwa na wasiwasi. Kuku hawana firigisi. Mlaji atatoka wapi?

Sasa nije kwa mdogo wangu.

Mdogo wangu anafuga kuku nyuma ya soko la mbao, na majirani wanamwita Mama Mayai. Mumewe alikwenda kutafuta kazi akasahau kurudi, kuku ndio waliobaki wakalea watoto, na sasa wanalea wajukuu. Mimi nilikuwa nakaa kwake, chumba cha uani, ukuta mmoja na majogoo. Kuku wa jirani walipokufa wote, wa kwake hawakufa. Dakta alikuwa amepita siku moja ya mapumziko, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akawatia kuku wote tone jichoni mmoja baada ya mwingine huku mdogo wangu akimshikia. Walielewana bila kusema sana.

Kutokufa kwao kukazua mashaka. Wakaguzi wa Taasisi walikuja wakiwa wamevaa mabuti, wakauliza mbona hawa hawafi. Mdogo wangu akasema wana chanjo. Wakasema hawakuuliza walichonacho, wameuliza mbona hawafi. Wakakamata mtetea mmoja, wakampasua palepale juu ya ngazi ya mlango. Pande la nyama likatoka, gumu, la duara. Wakatazamana. Banda likafungwa kwa utepe mwekundu, ikatolewa amri kwamba kuku wote watapasuliwa wapimwe.

Jioni ile mdogo wangu hakupika. Alikaa kizingitini.

"Kaka," akasema, "wazee walisema kuku wa mkata hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, na akilea, mwewe hunyakua. Wangu wametaga, wameangua, wamelea, na mwewe nimemfukuza kwa mawe. Kumbe wazee walisahau Serikali."

Nikamwambia asiseme hivyo, ukuta una majogoo. Nikamweleza kwamba zoezi lenyewe ni la kitaalamu na kuku wake wakikutwa wazima atapewa vyeti. Aliniuliza kama vyeti vinataga. Nikasema hilo si eneo langu. Akaniuliza kile ninachopandisha kila siku kwenye sahani ni nini. Nikasema ni sampuli. Akanitazama kama anavyotazama yai bichi kwenye mwanga.

Mtumishi wa umma ni mtumishi, lakini damu nzito kuliko maji. Kesho yake nilipopandisha sahani nilisimama kidogo. Nikamwambia Mkurugenzi, kwa unyenyekevu, kwamba uvimbe uliokutwa kwa mdogo wangu unafanana sana na kile anachotafuna.

"Mzee," akasema, "hii ni firigisi. Ule ni uvimbe."

Nikauliza tofauti.

"Ngazi."

Nikaomba anifafanulie zaidi, kwa faida yangu mwenyewe. Akaweka uma chini. Akasema Taasisi imetangaza kwamba kuku hawana firigisi. Hapa kwenye sahani ipo firigisi. Je, namwona kuku? Sikumwona. "Basi," akasema, "hakuna mgongano." Nilishuka nikiwa nimeelimika.

Mdogo wangu naye akaja ofisini, kavaa vizuri, kajitanda khanga. Mkurugenzi alimkaribisha kiti, akamsikiliza, akamwambia bila ubaya wowote, "Mama, dua la kuku halimpati mwewe."

"Sikuja na dua, baba," mdogo wangu akasema. "Nimekuja na ombi la heshima."

Ombi lake lilikuwa dogo. Kama ni lazima kuku wake wapasuliwe, basi wasichukuliwe kwenye magunia kama wezi. Wapasuliwe uwanjani kwake, mchana, mbele ya watu, na Waziri mwenyewe awepo, ili nchi ijifunze. Mkurugenzi alifurahi hadi akasimama. Alikuwa anatafuta mahali pa kufanyia maonyesho ya kitaifa, na hapa raia mwenyewe analeta uwanja. Alimwita mama mzalendo. Alimsindikiza hadi mlangoni, jambo ambalo hata zulia lilishangaa.

Siku ikafika. Turubai lilitandwa, viti vya plastiki vikapangwa, spika zikatundikwa juu ya banda hadi kuku wakaanza kutaga ovyo. Katikati ya uwanja iliwekwa meza ndefu iliyofunikwa nailoni nyeupe, juu yake visu, beseni na glavu. Kando ya meza alisimama Bwana Afya, afisa wa kusimamia waraka. Huyu ni mtu ambaye ukimwambia nisubiri hapa, ukafa, watoto wako watamkuta hapohapo. Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyemchagua, kwa sababu hiyo.

Waziri alikuja amechelewa, akakaa, akapepewa. Mkurugenzi alishika kipaza sauti akaeleza umma safari nzima ya chakula ndani ya ndege, kuanzia mdomoni, akaruka mahali pamoja, akaendelea na utumbo. Kisha jogoo wa kwanza wa mdogo wangu akachinjwa, akanyonyolewa, akalazwa. Dakta akampasua. Akatoa lile pande, akalikata katikati ili watu waone: ndani ngozi ya njano, punje za mahindi zilizosagika nusu, na changarawe.

"Mheshimiwa Waziri," Mkurugenzi akasema, "huo ndio uvimbe."

Watu wakatazama chini. Wengi walikuwa na sababu. Mdogo wangu akatoka mlangoni kwake, akapiga goti mbele ya Waziri, akaomba ruhusa aulize jambo moja la nyumbani tu, si la kitaalamu. Akaruhusiwa.

"Kwako, Mheshimiwa, akichinjwa kuku, hii hupewa nani?"

Waziri alikuwa amekaa juani kwa muda, amesikiliza mengi asiyoyaelewa, na hili aliliona ni la kwanza la maana tangu asubuhi. Akatabasamu.

"Hiyo ni yangu," akasema. "Akiigusa mwingine, nyumba haikaliki."

Uwanja ukacheka, maana kila mmoja aliijua nyumba hiyo. Bwana Afya hakucheka. Alivaa glavu ya kulia, akavaa ya kushoto, akasogea.

"Mheshimiwa," akasema, "naomba uvue koti ulale chali."

Waziri akauliza kuna nini. Bwana Afya akamweleza kwamba amekiri kuwa mlaji, kipimo ni kimoja, na cheo hakihusiki. Walinzi wakasogea, kisha wakasita, kwa sababu sahihi iliyokuwa chini ya waraka ni ya huyohuyo wanayemlinda, na mlinzi hajafundishwa afanye nini bosi anapojivamia. Waziri aligeuza shingo taratibu, akamtazama Mkurugenzi. Sijawahi kupigwa na radi, lakini niliwahi kusimama karibu na mti uliopigwa.

Mkurugenzi alifanya lile ambalo mtumishi yeyote mwaminifu angelifanya. Alimwokoa bosi wake.

"Mheshimiwa, usiwe na hofu yoyote," akasema, na kipaza sauti bado kiko mkononi. "Hazina madhara. Mimi mwenyewe nazila kila siku tangu utafiti uanze, na mnaniona nilivyo."

"Kila siku?" Waziri akauliza.

"Kila siku, Mheshimiwa. Za wazima na za wagonjwa."

Spika zikarudia neno la mwisho hadi kwenye soko la mbao. Waziri akatulia. Akamwambia Bwana Afya kwamba yeye alikuwa anatania, viongozi nao ni watu, hutania. Akauliza kama huyu mwingine naye anatania. Bwana Afya akafikiri kwa haki, akasema hapana, huyu ametoa maelezo kamili, yenye muda na aina.

Koti likavuliwa. Tai ikalegezwa. Mkurugenzi akalazwa juu ya nailoni nyeupe, pale alipotoka jogoo, na Dakta akaombwa achague kisu. Dakta alivitazama visu kwa uangalifu uleule wa kila siku, hakuharakisha. Mkurugenzi akasema kuna makosa. Bwana Afya akamjibu kwamba asihofu, akikutwa salama atapewa cheti.

Hata spika zilikoma kukoroma.

"Kuku wana firigisi," Mkurugenzi akasema, taratibu.

Waziri akasema hajasikia. Kipaza sauti kikashushwa mdomoni mwa aliyelala.

"Kuku wana firigisi. Wote. Siku zote wamekuwa nayo."

Waziri akafikiri. Nilimwona anafikiri, jasho likimtoka. Kisha akauliza: kama wanayo, zile za maabara zote zilikwenda wapi?

Uwanja mzima, wazee kwa watoto, ulielekeza macho mahali pamoja, kwenye tumbo lililokuwa likipanda na kushuka juu ya meza. Waziri hakupenda kuamua; uamuzi una mtu wa kulaumiwa. Akamgeukia mwenye uwanja.

"Mama, hapa ni kwako. Apasuliwe, au aachwe?"

"Kuku wangu kwanza, Mheshimiwa," mdogo wangu akasema.

Waziri akasema kuku wako huru, na waraka umefutwa tangu jana. Mdogo wangu akasema tangu jana haitoshi, anataka aone kwa macho. Bwana Afya akatumwa akaukata utepe. Mdogo wangu akafungua mlango wa banda mwenyewe, kuku wakatoka wakitikisa mabawa, wakapita chini ya viti vya wageni waalikwa, wakaanza kuparura, wakitafuta changarawe kama watu wanaotafuta haki yao. Alisimama akawahesabu kwa midomo hadi wa mwisho. Ndipo akarudi mezani. Alimtazama Mkurugenzi kuanzia miguuni mpaka kichwani.

"Msimpasue," akasema. "Mkimpasua mtakuta maabara nzima humo ndani, na mtaimwaga uwanjani kwangu."

Hapo Dakta akaweka kisu chini, akazungumza kwa mara ya kwanza siku ile. Alisema utafiti wote wa firigisi, wa wagonjwa na wazima, umehifadhiwa sehemu moja tu nchini, na sehemu hiyo ni tumbo hili. Kwa kanuni za Taasisi, alizoziandika Mkurugenzi, sampuli ya pekee haitupwi, haiharibiwi, wala haitoki nje ya maabara. Waziri akauliza kama hiyo ina maana kwamba hatapaswa kumfukuza kazi. Dakta akasema sampuli haifukuzwi. Waziri akasema huo ndio utaalamu aliokuwa akiutafuta.

Kwa hiyo sasa yuko chini, chumba cha hifadhi, kati ya jokofu na makabati ya chupa. Hana shida. Amepewa kitanda na kibandiko chenye namba. Asubuhi Dakta humpima uzito, husikiliza tumbo, huguna. Kinyesi chake kinapelekwa kwenye hadubini na kinaandikiwa taarifa nzuri sana, bora kuliko yoyote iliyotoka kwenye Taasisi ile enzi zake. Kuku wanaendelea kutiwa tone jichoni, bila kikao.

Juzi nilipomteremshia uji alinishika mkono. Akaniomba, kwa sauti ya chini, kama mtu na mtu, nimwazime simu ampigie Waziri, dakika moja tu.

Nikamwambia kwa heshima zote kwamba ningependa sana, lakini nimezunguka dunia hii na sijaona sampuli inayopiga simu.